Kitanda cha Dirishani

Saa mbili na robo. Kengele imekwisha kulia,
viatu vya nje vimepangwa kabatini, korido imemeza kelele zake,
na mlango wangu unasukumwa kwa ncha ya kidole.
Ni Tomoharu tena, wa kidato cha pili B.
"Tumbo," anasema. Jana kilikuwa kichwa.

Nampa kipimajoto, anakibana kwapani
kama mtu aliyekabidhiwa yai la mwenzake.
Tunangoja. Theluji ya Aomori inalijaza dirisha
kutoka chini kwenda juu, kama maziwa kwenye bilauri.
Nyuzi thelathini na sita na nukta nne.
Mwili wake umekataa kumtolea ushahidi.

Nina daftari lenye safu nne:
jina, saa, malalamiko, hatua iliyochukuliwa.
Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa mkono huu huu, niliandika:
Mizuki Sasamori. Kichwa. Hana homa. Amerudishwa darasani.
Mara tisa niliandika hivyo.
Ya kumi haikuwepo.
Sitasema zaidi. Mama yake bado hununua mboga
duka lile lile ninaponunua mimi,
na huniinamia kwa heshima nisiyostahili.

Basi siku hizi naanzia miguuni.
Homa hudanganya, uso hufundishwa kucheka,
soksi haijui kuficha.
Za Tomoharu zimelowa hadi vifundoni,
na hivi ni viatu vya ndani, havikanyagi nje.
Husemwa kikulacho ki nguoni mwako;
chake kilikuwa viatuni.
Mtu alivijaza theluji, akaishindilia kwa kidole gumba,
taratibu, kama anayepakia chumvi.

Sikuuliza nani.
Nilivikung'uta, nikavilaza kando ya jiko la mafuta ya taa,
birika likiguna juu yake.
Nikamenya tufaha, ganda likiteremka refu bila kukatika,
naye akalitazama ganda, hakunitazama mimi.
Maneno hupita hapo, pembeni,
kama paka asiyependa kuitwa.

"Nikikuambia, utamwambia mtu?"

Ningeweza kusema hapana. Uongo ule ni mtamu,
nimewahi kuulamba.
"Nitamwambia," nikasema. "Siri inayokula nyama yako
siwezi kukuwekea.
Ila utajua kabla, namwambia nani, na lini,
na utakaa wapi wakati tunaongea.
Chumba chochote utakachoingia, nitakuwa nimetangulia."

Akanyamaza muda wa kipande kizima cha tufaha.
Kule juu, hisabati ikaondoka, historia ikaingia,
viti arobaini vikakwaruza dari yangu kwa pamoja
na yeye akafumba macho.
Mwalimu mkuu akachungulia, akahesabu vitanda.
"Bado yuko huku?"
Sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme.
"Yuko shuleni," nikamjibu. "Andika yupo."

Mlango ulipofungwa, blanketi lilipanda hadi puani.
"Si viatu tu," akasema.

Nikalifunga daftari.
Kalamu nikaiweka mbali, mahali atakapoiona ikiwa mbali.
Nikakisogeza kiti, si karibu sana.
Nje mhudumu alikuwa akifukua njia kwa sepetu,
anafukua, theluji inarudi, anafukua.
Viatu vilikuwa vimekauka upande mmoja.
Nikavigeuza.